Kuzunguka Rusinga kwa gari dogo: njia, feri na saa za kutoka

Swali: Tunaishi Nakuru. Desemba nataka kumpeleka mama yangu, mwenye miaka 72, na watoto wangu wawili, wa miaka 6 na 11, Ziwa Victoria. Nimeambiwa kwamba kisiwani Rusinga mtu anaweza kuendesha gari kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, akipita vijijini. Tuna Toyota Fielder ya kawaida na siku tatu. Je, gari litaweza? Tupitie wapi? Na kisiwa jirani cha Mfangano tukiongeze?

Jibu: Gari litaweza, dada. Ila nianze kwa kurekebisha picha uliyopewa. Rusinga haivukwi katikati kwa gari. Katikati umesimama mlima Ligogo, na barabara inauzunguka, ikipita kati ya mlima na maji. Kwa hiyo utakachofanya ni kuondoka ufuo wa mashariki, penye daraja la Mbita, ufike ufuo wa magharibi unaoitazama Mfangano kwa kupitia upande mmoja, kisha urudi kwa upande wa pili. Kisiwa kina urefu wa kilomita 16 hivi, na penye upana zaidi ni kama kilomita 5. Hicho ni kisiwa kidogo. Umbali hautakuchosha, kitakachoamua kama safari itakuwa tamu au chungu ni saa utakazotoka, kwa sababu ziwa lina ratiba yake ya upepo na mvua.

Njia ninayokushauri ni ya kuzunguka ghuba nzima ya Winam, ule mkono wa ziwa unaoingia hadi Kisumu: kwenda kwa nchi kavu na kurudi kwa feri. Kutoka Nakuru unapita Mau Summit, unashika kushoto kwenda Kericho, unateremka hadi Awasi na Ahero. Pale Ahero usiendelee Kisumu. Kata kushoto, barabara ya Kisii, ufike Katito, halafu ushike kulia kwenda Kendu Bay, Homa Bay na Mbita. Ni lami hadi Mbita. Jumla ni karibu kilomita 290, na ukiwa na mtoto wa miaka 6 panga saa saba au nane pamoja na kusimama.

Kwa nini feri iwe ya kurudi na si ya kwenda? Feri ya magari kati ya Mbita na Luanda Kotieno huvuka kwa muda wa kama saa moja, na ni njia nzuri ya kufika Kisumu. Lakini ratiba hubadilika, na siku nyingine injini hugoma. Ukienda nayo ukaikosa, utakwama Luanda Kotieno jioni na wazee na watoto, huku kitanda ulichokilipia kiko ng'ambo. Ukirudi nayo asubuhi ukaikosa, unageuza gari na kurudi kwa njia uliyokujia. Umepoteza saa mbili tatu tu. Kuna sababu nyingine pia. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani na ufuoni maji hutulia. Kufikia saa tano au sita mchana ardhi imeshapata moto, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani, na mawimbi yanainuka. Mvua za radi nazo hupenda alasiri na jioni. Anayevuka asubuhi huvuka kwenye maji mepesi, awe kwenye feri au kwenye boti.

Siku ya kwanza, tokeni Nakuru saa kumi na mbili asubuhi, mapema zaidi mkiweza. Kipande cha hadi Mau Summit kina malori mengi na ukungu wa asubuhi. Washa taa, usilipite lori kwenye mlima kwa sababu tu mwenye lori amekuwashia indiketa. Kericho hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingine mvua ya mawe, kwa hiyo inafaa uwe umeipita kabla ya saa sita. Ahero ni nyanda za mpunga, joto linaanza hapo; mama yako avue sweta mapema. Kuanzia hapo pia jihadhari na matuta yasiyopakwa rangi kwenye vituo vya biashara na karibu na shule. Fielder yenye watu wanne na mizigo huinama nyuma, na tuta moja la ghafla hugonga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, au kung'oa ekzosi.

Ukishapita tu Kendu Bay kuna ziwa Simbi Nyaima, dogo la mviringo, lenye maji ya magadi, lililo kwenye shimo la volkeno. Hadithi ya wenyeji ni kwamba palikuwa na kijiji kilichomfukuza bibi kizee usiku wa mvua, na maji yakakimeza. Kuna nyakati heroe hujaa, kuna nyakati hawapo kabisa. Maji yake hayanywewi na hayana samaki wa kuvua. Nusu saa inatosha, na ni mahali pazuri pa watoto kunyoosha miguu.

Homa Bay ndipo pa kujaza tangi, si Mbita. Mbita kuna vituo vya mafuta, lakini kanuni yangu ni kwamba usiingie kisiwani tangi likiwa chini ya nusu, maana feri ikikosekana utahitaji kurudi hadi Homa Bay bila wasiwasi. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara ni ya boda boda. Mara nyingi ina maji au uchafu, na pampu ya mafuta ya gari lako haitakushukuru. Kutoka Homa Bay hadi Mbita ni kilomita 43 hivi. Unaelekea magharibi, kwa hiyo baada ya saa kumi jua linakuja moja kwa moja machoni, na barabarani kuna ng'ombe na mbuzi wanaorudi nyumbani. Fikeni kabla ya hapo.

Mbita ni mji wa wavuvi na wa utafiti. Kituo cha icipe, kinachochunguza wadudu, kiko hapo ufuoni. Mwaka 2012 hadi 2015 watafiti wake na wenzao kutoka Uholanzi waliweka Rusinga mitego ya mbu yenye harufu ya binadamu, ikiendeshwa kwa sola za juu ya nyumba. Mbu wa malaria wakapungua sana, na familia zikapata taa. Nakutajia hili kwa sababu malaria ndiyo hatari kubwa zaidi ya safari yenu, kuliko barabara na maji. Nakuru iko juu, mwili wa mtu wa Nakuru haujazoea malaria ya ziwa. Ongea na daktari angalau wiki mbili kabla. Dawa za kinga huanzwa siku moja au mbili kabla ya kusafiri, na lazima ziendelee baada ya kurudi: atovakoni-proguanili kwa siku 7, doksisaiklini kwa wiki 4. Doksisaiklini hapewi mtoto wa chini ya miaka 8, kwa hiyo kwa mdogo wako itabidi dawa nyingine, na kipimo chake hufuata kilo. Kwa mama, mtajie daktari dawa zote anazotumia za presha au sukari. Wengi hukatiza dawa wakifika nyumbani kwa kuwa hawaumwi, na hapo ndipo malaria huwapata. Mtu akipata homa ndani ya miezi miwili mitatu baada ya safari, apimwe damu siku hiyo hiyo, na mwambie daktari mlikuwa Mbita.

Unapoingia kisiwani unavuka daraja. Zamani palikuwa na tuta la mawe na udongo lililoziba mkondo kati ya nchi kavu na kisiwa; maji yakakosa njia, magugumaji yakatuama. Daraja liliwekwa ili magari yapite juu na maji yapite chini. Punguza mwendo hapo, watoto waone mkondo.

Sasa gari lenyewe. Usidhani ni lami kote kisiwani. Jiandae kwa murram, na mahali pengine mawe ya volkeno yenye ncha. Magurudumu yakiwa na upepo wa PSI 32 wa barabara kuu, gari litadundadunda kwenye vile vituta vidogo vya murram vilivyojipanga kama bati, na mawe yatachoma kirahisi. Shusha hadi 28, endesha kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kisha ujaze tena Mbita kabla ya kurudi kwenye lami. Usisahau kujaza: gurudumu laini kwa mwendo wa 100 hupata moto na kupasuka. Kabla ya kutoka Nakuru, mpe fundi aangalie mambo matatu tu: shokabzoba za nyuma, ngao ya chini ya sampu kama bado ipo na boliti zake zimekaza, na spea. Kuhusu spea usikubali kuambiwa "iko sawa". Itoe, ipime upepo, na ujaribu wili spana kwenye nati zote za magurudumu yaliyofungwa. Nati zilizokazwa kwa mashine ya hewa hazifunguki kwa mkono wa kawaida, na hilo hugunduliwa porini. Beba bomba fupi la chuma la kurefusha mkono wa spana.

Mvua ikinyesha usiku, subiri hadi saa nne hivi asubuhi. Murram hukauka haraka ikipigwa na jua na upepo. Usiingie vijia vya kuteremkia ufuoni, hasa penye udongo mweusi. Fielder haina nguvu ya kutoka humo. Isitoshe, ziwa lilipanda sana mwaka 2020, likameza baadhi ya fuo na njia za kandokando, na ramani ya simu inaweza bado kukuonyesha njia ambayo sasa ni maji na matete. Ukiona njia inaingia kwenye nyasi ndefu za majimaji, simama, uliza.

Siku ya pili yote iwe ya Rusinga. Anzeni upande wa kaskazini asubuhi, kabla ya joto. Huko Kasawanga ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kaburi limejengewa jumba lenye umbo la risasi, na ndani mna kumbukumbu zake. Liko kwenye ardhi ya familia, kwa hiyo mnaingia kwa adabu, mnasalimia kwanza, mnamwachia mtunzaji kitu. Mama yako alikuwa msichana wa shule mwaka ule; huenda ana ya kusimulia kuliko mtembezaji yeyote. Mpe nafasi, na watoto wasikie.

Upande huo huo uko mlima Hiwegi, na hapa nisingekubali mpite mbio. Miamba ya kijivu na nyeupe mnayoiona ikimomonyoka kwenye makorongo ni majivu ya volkeno ya Kisingiri, iliyozimika zamani, ng'ambo ya nchi kavu. Majivu hayo yalizika msitu mzima takriban miaka milioni 18 iliyopita: majani, matunda, wadudu, wanyama. Mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la nyani wa kale asiye na mkia, lililojulikana duniani kwa jina la Proconsul. Tangu 2015 wataalamu wanamwita Ekembo. Nendeni na kijana wa hapo anayejua makorongo, mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Kwa mwenye miaka 11, mwonyeshe jinsi ya kutofautisha: mfupa wa kale ni mzito kuliko unavyoonekana, una rangi ya kahawia au kijivu, na ukiutazama kwa karibu pale ulipovunjika utaona vitundu vidogo vidogo kama vya mfupa wa mbuzi, ila ni jiwe. Atazame, apige picha, arudishe palepale ulipokuwa. Kuondoka nao ni kosa chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na mfupa uliohamishwa hauna maana tena kwa mtafiti, maana tabaka ulilotoka ndilo linalotoa umri wake.

Kupanda Ligogo kunahitaji asubuhi nzima na magoti mazuri. Kwa msafara wenu, ningeuacha.

Saa sita hadi tisa kaeni kivulini, mle. Ukiagiza ngege au mbuta, chagua samaki mwenyewe na uulize bei kabla hajaparuliwa magamba, kisha ukubali kusubiri saa nzima. Jicho liwe angavu na limejaa, na matamvua yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia, samaki huyo alilala. Kuanzia saa kumi ingieni upande wa magharibi, mlitazame jua likishukia Mfangano. Mkiweza kuchagua tarehe, chagueni siku ambazo mwezi haujaandama au ni mwembamba. Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa kwa taa, na taa huvuta samaki kukiwa na giza tu. Usiku kama huo ziwa lote huwaka taa za mitumbwi. Mwezi ukiwa mpevu hamtaona kitu.

Kuhusu kuoga ziwani: la. Si kwa ajili ya mamba na viboko tu, ingawa wapo. Maji ya kina kifupi yenye matete ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Watoto wakiingia kwa bahati mbaya, wakaushe ngozi kwa kuisugua kwa taulo mara moja, na wapimwe wiki sita hadi nane baadaye, si kesho yake, kwa sababu mayai bado hayaonekani. Dawa yake ipo na ni rahisi.

Mfangano sasa. Kisiwa ni kizuri, kirefu kwenda juu kuliko Rusinga, na kina michoro ya kale ya miduara myekundu na myeupe kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, pamoja na jumba la makumbusho la Waabasuba. Lakini kwa siku tatu, na mama wa miaka 72, mimi nasema msiende. Boti ya abiria kutoka Mbita husimama ufuo baada ya ufuo, inachukua saa moja na zaidi, na kupanda au kushuka mara nyingi ni kukanyaga maji au kubebwa mgongoni na vijana. Njia ya kwenda kwenye michoro ni ya kupanda. Mkipata siku ya nne, mama abaki Rusinga na mjukuu mdogo, nyinyi wawili mwondoke na boti ya kwanza asubuhi, gari mliache kwenye uwanja wa nyumba mnayolala. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea tangu ufuoni, na la mtoto liwe la saizi yake: ukilivuta mabegani likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, litamtoka majini. Na kwenye miamba, mtu yeyote asimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Hivyo ndivyo rangi inavyokwisha.

Wengine wangekuambia uongeze mbuga ya Ruma, kwenye bonde la Lambwe, nyumbani kwa korongo, swala ambaye Kenya hapatikani kwingine. Kwa Fielder Desemba, udongo mweusi ukiwa umelowa, siungi mkono. Mkienda kwa gari la kukodi lililo juu, msivae buluu wala nyeusi. Mbung'o huzipenda rangi hizo.

Vyumba wekeni mapema. Mwishoni mwa Desemba watu wengi wanarudi nyumbani, na kwa kawaida tamasha la utamaduni la Rusinga huwa wakati huo. Mnapopiga simu, ulizeni kama neti zipo na hazijatoboka, kama gari dogo hufika mlangoni, na stima ikipotea kuna nini. Malipo mengi ni M-Pesa, ila beba noti za mia na mia mbili kwa ajili ya vibanda.

Omena wa kupeleka Nakuru nunua Mbita jioni kabla ya kuondoka. Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa, lakini Desemba wapo. Tafuta walioanikwa juu ya nyavu zilizoinuliwa, si waliotandazwa chini. Chota konzi moja, idondoshe kwenye karai la bati: ukisikia mchanga unacheza, rudisha. Wazuri hung'aa kama fedha, wanavunjika wakikunjwa, na hawajageuka manjano. Wafunge kwenye gunia linalopitisha hewa. Kwenye plastiki watatoa jasho na kunuka kabla hamjafika Kericho.

Siku ya tatu, jioni iliyotangulia uwe umeshauliza gatini feri itaondoka saa ngapi, na uulize watu wawili tofauti. Fika saa moja kabla, maana malori yakitangulia nafasi huisha. Familia ishuke ipande kwa miguu, dereva abaki peke yake, ili gari liwe jepesi na bampa isikwaruze kwenye daraja la feri; ukiona pembe ni kali, ingia kwa mshazari kidogo. Ukishapangwa, vuta handibreki, acha gari kwenye P na uzime, madirisha yakiwa wazi.

Ukishuka Luanda Kotieno, fuata barabara hadi Ndori, kata kulia, na kwa Kisian utaingia Kisumu. Ni kama kilomita 90. Kutoka Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho ni kilomita 180 na kidogo. Mkiwa Ahero kabla ya saa nane mchana, endeleeni. Ikishapita saa tisa, geuzeni mlale Kisumu, kwa sababu mtaingia Mau Summit gizani, kwenye ukungu, katikati ya malori.